2147483647, tasa iliyozaa

Juzi jioni tumekaa barazani hapa Ngamiani, Tanga, mpwa wangu wa fomu tuu ana daftari lake la hesabu, akaniuliza mjomba hivi hii barabara yetu ya 13 si namba tasa? Nkamwambia ndo hivyo, ya 12 inagawika, ya 13 ukiacha 1 na yenyewe hakuna kinachoingia. Af nkamwandikia 2147483647, nkamwambia na hii pia tasa. Akaitazama weee, akasema "nani alikaa akazigawa zote hizo?"

Aisee hilo ndo swali lenyewe.

Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31 ukatoa 1. Aliyethibitisha ni Euler, yule mwanahisabati, mwaka 1772, yuko St. Petersburg kule Urusi, macho yote mawili karibu yameshazimika, kalkuleta hakuna. Kwa njia ya kawaida unajaribu vigawo mpaka ufike kipeuo chake cha pili, 46340 na ushee, utachoka. Ila hizi namba za 2 kwa kipeo ukatoa 1 zina siri yake, kipeo kikiwa tasa isiyo 2 basi kigawo chochote ukikigawa kwa kipeo mara mbili lazima kibaki 1.

Nkamwonyesha kwa kipeo cha 11, inakuja 2047. Dogo kasema tasa hiyo mjomba, 3 haiingii, 7 haiingii. Achana na 3 na 7, mara mbili ya 11 ni ngapi? 22, ongeza 1, haya jaribu 23. Akagawa taratibu na penseli yake, ikaingia mara 89 haijabaki hata moja, akafuta akarudia, vilevile. Na 89 yenyewe ni 22 mara 4 ongeza 1!

Kigawo chochote cha namba hizi pia ukikigawa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7, kwa hiyo kwa kipeo cha 31 unabaki na zile tu zinazobakiza 1 au 63 ukizigawa kwa 248, nimezihesabu mwenyewe mpaka 46340 ni 373, na nyingi unazitupa maana zenyewe sio tasa. Zilizobaki hakuna iliyoingia.

Mi jina tasa naona haliifai kabisa hii, kwa sababu ukiizidisha na 2 kwa kipeo cha 30 inazaa 2305843008139952128, ambayo vigawo vyake ukivijumlisha ukaiacha yenyewe unaipata yenyewe, kama 6 ilivyo 1 na 2 na 3. Na kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 zitafika mwisho kwenye namba hiihii, tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 asubuhi.

Dogo hayo ya kompyuta wala hakuyasikia, alishahamia kwenye 13 ya barabara yetu. Kipeo cha 13 ni 8191, kaona mwenyewe kwamba ya kujaribu ni 79 peke yake, kagawa, ikaingia mara 103 ikabaki 54, akasimama na daftari anamwita mama yake aje aone.