Nilimtafuta Rorschach, nikapelekwa Rorschach

Karani wa tiketi pale Zürich, Uswisi, alishika jina moja tu. Nilimweleza nakwenda Herisau, alikofanya kazi Daktari Hermann Rorschach, yule wa kadi za madoa ya wino, ambazo mtu huonyeshwa na kuulizwa anaona nini. Akabonyeza, akanipa tiketi ya mji uitwao Rorschach. Nikamuuliza, akajibu ni njia hiyohiyo, akaita aliye nyuma yangu. Treni ikapita St. Gallen, ikateremka hadi ukingoni mwa ziwa Bodensee, nikashuka kwenye mji wenye jina moja na mtu wangu. Ng'ambo ya maji ni Ujerumani. Daktari mwenyewe alizaliwa Zürich mwaka 1884, kulekule nilikotoka asubuhi.

Tiketi ya kurudi nyuma nikailipia upya. Kahawa moja pale stesheni ilinitoka faranga tano, zaidi ya shilingi elfu kumi za kwetu, na kikombe chenyewe ni mafunda matatu. Na baridi ile!

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja mzee. Akaniuliza nimetoka wapi na ninatafuta nini. Nilipomtajia kadi, akakunja uso. Alipokuwa msichana aliomba kazi, wakamwonyesha kadi zile, kila alichosema kikaandikwa. "Wakafunga faili," akasema. "Hadi leo sijui waliona nini kwangu." Kazi hakupata. Hasira yake ilikuwa mbichi kama ya jana. Nilimpa pole, na sikuwa na haraka tena ya treni.

Nilimweleza ninavyomjua Rorschach mimi, niliyesomea saikolojia tiba. Baba yake alikuwa mwalimu wa kuchora huko Schaffhausen, na wenzake shuleni walimpa yeye jina la utani Klex, yaani doa la wino. Akasomea udaktari, akawa daktari wa magonjwa ya akili, na mwaka 1915 akaanza kazi Herisau. Huko akawapa wagonjwa madoa aliyoyatengeneza mwenyewe na kuwauliza swali moja: hiki kinaweza kuwa nini? Hakujali tu mtu ameona popo au ua. Alitazama ameonaje: amelishika doa zima au kipande, ameona kitu kikitembea, rangi imemvuta au la.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1921. Kadi alizotaka zilikuwa nyingi zaidi, lakini uchapaji ni gharama, zikabaki 10. Zilipochapwa zikatokea na vivuli ambavyo michoro yake haikuwa navyo. Mwingine angegomba, yeye akaona kuna jipya la kuchunguza ndani ya vivuli hivyo. Na kwenye jalada aliiita kazi yake jaribio la utafiti. Waliokuja baadaye ndio walioigeuza hakimu wa kuamua nani apewe kazi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi yeye angeniambia." Naamini hivyo.

Herisau nilifika jioni. Ni mji wa vilima, nyasi fupi na ng'ombe wenye kengele, na hospitali bado ipo. Nilizunguka nje tu. Kitabu kilikuwa hakijatimiza mwaka madukani, na wanunuzi wachache, Rorschach alipougua tumbo. Kidole tumbo kilipasuka. Alifariki tarehe 2 Aprili 1922, na umri wake ulikuwa miaka 37 tu, akiacha mke, Olga, na watoto wawili wadogo. Kwetu pia nimeona watu wakifa kwa kidole tumbo kwa sababu ya kuchelewa kupasuliwa, kwa hiyo kifo hiki kiliniuma kama cha ndugu.

Lakini kilichonikaa zaidi usiku ule, kwenye chumba cha bei ya kutisha, ni faili la yule mama. Katika wodi niliyoanzia kazi nyumbani, tulikuwa na mafaili yaliyoandikwa "anaongea ovyo", basi. Ovyo gani? Alisema nini hasa? Ndugu zake wangekuja miaka mitano baadaye wasingepata neno lake hata moja. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwenye kilima kile, daktari mmoja aliona maneno ya mgonjwa yanastahili kuandikwa kama yalivyotamkwa. Sisi hatuhitaji kadi zake wala faranga zao kufanya hivyo. Daftari na kalamu tunazo, na muda wa kumsikiliza mgonjwa tunaweza kuupanga kwenye zamu.