Senene Wana Miguu Sita

Ukitoka Kampala kwenda Masaka unavuka ikweta pale Kayabwe. Watalii hushuka kupiga picha. Sisi wa malori tunapita. Lakini kuanzia hapo jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, na hilo hunichekesha kila nikiwafikiria wamonaki walio mbele kidogo, upande wa Masaka, wanaoishi kwa kitabu kilichogawa mwaka kwa urefu wa usiku wa Italia ya karne ya 6.

Ni Watrapisti, shirika la watawa wa Kikatoliki. Waliotangulia walitoka Uholanzi, wakaanza Lumbwa, Kenya, mwaka 1956. Vurugu za baada ya uchaguzi ziliwang'oa, na 2008 wakahamia Uganda. Mimi ni mtu wa Malaba, Kiganda changu ni cha kununulia ndizi tu, kwa hiyo kupokewa mlangoni kwa Kiswahili kulinipunguzia nusu ya uchovu.

Kitabu chao, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kinasema kuanzia Novemba mosi hadi Pasaka ndugu waamke saa nane ya usiku, kwa kuwa usiku ni mrefu na mtu amelala vya kutosha. Saa nane hiyo ni hii yetu. Benedikto alihesabu saa kama konda wa basi la Mbarara: saa tatu, saa sita, saa tisa, na ndizo sala za mchana hadi leo. Tofauti ni kwamba kwao saa zilirefuka kiangazi na kufupika baridi ikija. Huku ikweta imezitia kigingi.

Tangu katikati ya Septemba, Kanuni hiyohiyo inasogeza chakula hadi saa tisa alasiri, mpaka Kwaresima. Siku hizi hawakazi kiasi hicho. Mimi nilikula mchana, matoke na maharage, nikaongezwa. Kengele ya usiku ndiyo isiyo na huruma. Nilijidanganya kwamba dereva aliyezoea kukesha barabarani hatasumbuka. Barabarani kuna redio, bwana.

Mimi huenda kwao Novemba kwa ajili ya kuwaombea marehemu. Tarehe 2 nilimwombea utingo wangu wa zamani, kijana aliyejua kila mlima wa njia hii kwa mlio wa gia. Mvua ilikuwa imeshika, na majirani walikuwa wakikimbilia kahawa yao kwenye maturubai kila wingu likisogea.

Mvua hizo ndizo zinazoleta senene, wadudu wa jamii ya panzi wanaoliwa. Waganda wameuita mwezi huu Musenene, na Masaka ndiyo kwao. Basi fikiria: wamonaki wamemaliza sala kabla ya kulala, wameimba Salamu Malkia gizani, na hakuna tena anayeruhusiwa kusema neno hadi asubuhi. Wakati huohuo, mlima wa pili umewaka kama kiwanja cha mpira. Jenereta inanguruma, mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, senene wanafuata taa, wanagonga bati, wanateleza ndani. Vijana wanapiga kelele za furaha. Mimi nimelala kwenye nyumba ya wageni, nimefunga mdomo kwa heshima, mate yananitoka.

Asubuhi nikamfuata ndugu anayehudumia wageni. Nikamwambia, Ndugu, nimesoma Kanuni, inakataza nyama ya wanyama wa miguu minne. Senene ana sita. Hapo sheria inasemaje?

Akanitazama kwa makini kabisa. "Mzee, Kanuni inawaruhusu wagonjwa kula nyama. Wewe unaumwa wapi?"

Nikasema siumwi.

"Basi subiri ufike Nyendo."

Nilifika Nyendo kabla ya saa nne. Mama mmoja alikuwa na beseni la waliokwisha kung'olewa mbawa na miguu, wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu, bei ya kutisha kama kila mwaka. Nikalipa bila kubishana, na mfuko ukaisha kabla sijafika Lukaya.