Muhogo wa Mama wa Baraka

Juzi binti yangu alisukuma sahani: "Mama, huu ugali unanuka." Unanuka kweli. Ugali wa muhogo uliolowekwa ukaiva una uchachu mzito unaobaki hata kwenye vidole, na ndio ulionikumbusha Mama wa Baraka na pipa lake.

Tulimwita hivyo kwa mji aliotoka, Baraka ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Fizi, Kongo. Alivuka kwa boti mwaka 1996. Miaka yote ya ujirani wetu Kigoma, ukimuuliza habari za vita alijibu "Vita ni vita tu, mwanangu," halafu anakutuma kibiriti.

Siku ninayoikumbuka, muhogo ulikuwa na siku ya tatu majini. Muhogo mchungu, umemenywa, umekatwa vipande vya urefu wa kiganja, umegandamizwa kwa jiwe, maana kipande kinachochungulia juu ya maji hubaki kigumu. Alikuwa ametia kikombe cha maji ya pipa lililotangulia ili uchachu uwahi kuanza. Akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa kipande, akakibonyeza kwa dole gumba. Dole likaishia njiani. Akakivunja: katikati pagumu, peupe, na ule uzi wa moyoni ukakatika badala ya kuchomoka mzima.

"Bado," akasema, akakirudisha. Mkono ukiwa bado majini akaongeza: "Siku tunakimbia niliacha pipa hivi hivi. Lilikuwa na siku mbili."

Njiani watu waling'oa muhogo kwenye mashamba ya watu. Wengine waliuchoma, wengine waliuloweka usiku mmoja, wakaanika, wakatwanga. Nani angekaa siku nne mahali pamoja akisubiri muhogo ulainike?

Muhogo mchungu hupandwa kwa sababu nguruwe pori na wezi hawauvamii ovyo. Ndani yake mna kemikali iitwayo linamarini, na chembe hai za muhogo zikivunjika inazaa sumu ya sayanaidi. Kuloweka kunalainisha chembe hizo, sumu inatokea majini na hewani. Jua peke yake halitoshi: kipande hukauka kabla kazi hiyo haijaisha, makopa yakabaki na sumu. Mtu akiyala hayo kwa majuma, bila samaki wala maharage ya kuusaidia mwili kuiondoa, ndipo ugonjwa wa konzo humpata. Mara nyingi ni mtoto, au mwanamke wa umri wa kuzaa. Miguu inakakamaa ghafla, na hairudi ilivyokuwa. Hata Tarime, huku Tanzania, iliwapata watu mwaka 1985, wakati wa ukame.

Mama wa Baraka alimtaja mtoto mmoja tu, aliyebaki akitembea kwa ncha za vidole. Kisha akaniuliza kama turubai la kuanikia limekauka.

Kesho yake dole lilizama lote. Tukachomoa nyuzi, tukakamua, tukamomonyoa, tukaanika. Unga ulipokuwa tayari alisonga ugali kwa samaki wa migebuka wa mawese, na habari za Fizi hazikurudi tena.

Tangu hapo nimekuwa nikisema kwamba mkimbizi usimhoji, shika kazi pamoja naye. Sina hakika nayo sana. Nilijaribu kwa muuza mkaa mmoja aliyetoka Burundi, tukapasua kuni asubuhi nzima, nikaambulia kuni.

Mama wa Baraka sasa yuko Marekani, alipelekwa pamoja na wanawe kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Muhogo anaoupata dukani umepakwa nta ganda zima usioze safarini, na ni muhogo mtamu: ukiumenya na kuuchemsha vizuri unakula. Yeye anauloweka kwenye ndoo jikoni. Wakati wa baridi anaisogeza karibu na kipasha joto, na bado inafika siku ya tano kabla dole halijazama. Majirani wa ghorofani wamelalamikia harufu, amenunua ndoo yenye mfuniko.

Nilimwambia kwenye simu kwamba huo hauhitaji siku zote hizo. Akasema anajua, kisha akaanza kulalamikia bei ya mawese.