Mtoto wa Kupozea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nusura nisiandike. Jumatano jumuiya ilikuwa kwetu, tukaimba, tukasoma, chai ikanyweka. Wakati wa kufunga, shangazi yake mume wangu, mama ninayemheshimu sana kwa maombi, akaniwekea mkono kichwani: "Bwana, umempa huyu wa kupozea, sasa mfungulie tumbo apate wake." Wote wakaitika amina. Aliyeitika kwa sauti kuliko wote ni huyo huyo "wa kupozea," binti yangu wa miaka sita, amekaa miguuni pangu na andazi mkononi, maana tumemfundisha kwamba ombi likiisha anaitikia.

Sikusema kitu. Nikaenda kuosha vikombe.

Wengi mnaijua habari yangu. Miaka tisa ya ndoa, mirija imeziba, kufunga na kuomba, mawifi wanaoihesabu miezi kuliko mimi. Habari za Hana, yule tasa aliyemlilia Mungu ampe mtoto, nimezisoma hadi karatasi za 1 Samweli zikalegea. Penina wangu, maana Hana naye alikuwa na mke mwenza wa kumchokoza kwa jina hilo, simsimulii leo, nilishamsamehe (nadhani). Kisha, tulipoamua kumchukua mtoto awe wetu, safari za ustawi wa jamii: afisa anakuja nyumbani, anataka kuona mtoto atalala wapi, anaongea na majirani; malezi ya kambo kwanza, yaani kumlea kwa muda, ndipo Mahakama Kuu. Siku amri ya kuasili, ya kumfanya mtoto wetu kisheria, ilipotolewa, mume wangu alilia mbele ya mawakili wala hakujifuta.

Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kuanzia siku ile huyu ni wetu kana kwamba tumemzaa ndani ya ndoa. Serikali imeshakubali. Waliobaki wakibisha ni watu wa Mungu.

Na hapa mnivumilie, nitasema kwa ukali kidogo. Kila siku tunapiga magoti tukiita "Aba, yaani, Baba." Tumeipata wapi ruhusa hiyo? Warumi 8:15: "mlipokea roho ya kufanywa wana." Kufanywa, wapendwa! Mwana wa pekee ni mmoja, sisi wengine wote tumeingizwa nyumbani kwa neema. Tena Paulo alikuwa anawaandikia watu wa Rumi, ambao kwao mtoto aliyeasiliwa alibeba jina la baba na kurithi mali yake, ndiyo maana mstari wa 17 anasema, "kama tu watoto, basi, tu warithi pia." Sasa niambieni, Mungu alituchukua tumpoze moyo huku akingoja wa kwake? Mordekai alipomchukua Esta aliyefiwa na baba na mama, alimchukua awe binti yake, basi. Ukimwambia mama, "lea wa mtu, utapata wako," umemfanya yule mtoto ufunguo wa tumbo, na ufunguo ukishafungua mlango hutundikwa msumarini. Mama, wewe unayesoma hili na bado unalia kila mwezi, lia, Mungu anasikia, omba uzao wala usione haya. Ila usimchukue mtoto yeyote kama nadhiri ya kumpata mwingine. Mchukue kwa sababu unamtaka yeye.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini nikiwa na vile vikombe Roho alinikumbusha sanduku langu. Ndani yake kuna sweta dogo la njano nililonunua sokoni mwaka wa tatu wa ndoa, nikalifunga kwenye kanga pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Binti yangu alikuja kwetu na miezi minane, msimu wa baridi, na sweta lingemtosha kabisa. Sikumvalisha. Nilimnunulia jingine. Nilijiambia hili ni la zamani, kumbe moyoni nilikuwa namtunzia "wangu." Shangazi alisema kwa mdomo nililolifanya mimi kwa sanduku, miaka mitano.

Alhamisi nililitoa. Limebaki na harufu ya vile vidonge, na mkono wake haupiti hata kiganja. Akaniuliza, "Mama, hili lilikuwa langu nilipokuwa mdogo?" Nilichelewa kujibu. Nikamwambia ndiyo, lilikuwa lako, mama alichelewa kukupa. Akaenda kumvisha mwanasesere wake.

Jumapili shangazi anakuja kula kwetu baada ya ibada. Niombeeni nimwambie kwa heshima, na nisikimbilie tena vyombo.