Kikopo kwanza, kidonge baadaye

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia kutoka Mererani. Hata salamu hatukumaliza. "Kaka, zile dawa zako za kifua, zile ulizosema zimekuinua, nitumie pakiti moja na huyo anayekuja Desemba." Nikamwambia sitatuma. Akanyamaza, nikamsikia anakohoa kile kikohozi kinachotokea chini kabisa, halafu akasema, "Ulaya imekufanya mchoyo mpaka wa vidonge." Akakata simu.

Sikulala. Ada ya mwanawe nalipa, mabati ya nyumba ya mama nilinunua, na sijawahi kumhesabia. Lakini vidonge hivi sitatuma, na sababu yake haikutoshea kwenye simu, ndiyo maana naandika hapa.

Wanaonifahamu wanajua nilikuwa mwanaapolo, mchimba tanzanite wa Mererani. Nilishuka shimoni nina miaka 19, puani nimefunga kitambaa tu. Vumbi la ile miamba lina silika, chembe ndogo za mwamba zinazokwama kifuani, na pafu lililoshiba silika TB hulishika kirahisi. Mwaka wa nne nikaanza kutema damu. Hospitali ya Kibong'oto walinipokea vizuri, wakanipa dozi ya miezi sita, bure, na nilimeza kila kidonge. TB ikaisha. Siku ya kuruhusiwa sikujua kwamba kupona TB si kurudishiwa mapafu uliyozaliwa nayo. Kovu lilibaki juu ya pafu la kulia, na mirija ya hewa ya pale imetanuka na kulegea, haina tena nguvu ya kupandisha makohozi. Makohozi yakituama, bakteria wanahamia na kuzaana. Ugonjwa huo madaktari wanauita bronkiektasisi. Mimi miaka yote nilisema tu "kifua changu kimeamka."

Nilipoomba visa ya kumfuata mke wangu, X-ray ilionyesha lile kovu. Nikatakiwa kutema makohozi asubuhi tatu mfululizo, yakaoteshwe maabara kuona kama bakteria wa TB watakua, na majibu ya kuotesha ni mpaka wiki nane. Yalitoka safi. Ila nilitoka pale nimeapa sitatema tena kwenye kikopo mbele ya binadamu. Mnajua mtu wa TB anavyotengewa kikombe chake nyumbani, hata akishapona. Kwa hiyo nilipofika Leicester, hapa England, na fomu ya kujiandikisha kwa GP, yaani daktari wa mtaa, ikaniuliza magonjwa niliyowahi kuugua, nikaandika "hakuna". Kosa hilo ni langu.

Sasa nije kwenye hasira. Mwaka 2024 niliongeza visa. Tozo ya afya peke yake ni pauni 1,035 kwa mwaka, nami nikalipishwa miaka miwili na nusu kwa mkupuo: pauni 2,587.50. Ada ya visa bado, mwanasheria bado. Piga hesabu kwa shilingi, ni milioni nane na zaidi, zilizotoka kwenye zamu za usiku ghalani. Nikajiambia sawa, angalau nikiumwa nitatibiwa kama mtu.

Halafu kifua kikaamka. Makohozi yakatoka kwenye weupe yakawa kijani, mazito, yananuka. Homa ya jioni. Ngazi za ghalani nilizokuwa napanda na boksi begani nikawa nazipanda nimeshika ukuta. Nikapiga simu kwa daktari saa mbili kamili asubuhi, maana ndipo laini zinafunguliwa, na sauti ikaniambia mimi ni wa 23 kwenye foleni. Kupigiwa na daktari ilikuwa saa nane mchana. Dakika sita. Ni virusi, kunywa maji, meza panado, kikohozi kinaweza kuchukua wiki tatu. Nikamwomba antibayotiki. Akajibu hawatoi antibayotiki kwa kikohozi cha namna hiyo.

Nikaenda famasi nikiwa nimekasirika. Tangu Januari 2024 wafamasia wa England wanaruhusiwa kutoa tiba ya magonjwa saba bila cheti cha daktari, hata antibayotiki inapobidi: koo, sikio, sainasi, mkanda wa jeshi, mkojo kwa wanawake na mengine mawili ya ngozi. Kifua hakimo. Mfamasia alinionea huruma, akasema hana ruhusa. Nikasimama nje kwenye baridi nikiwaza duka la dawa la kule nyumbani, pale njia panda. Ningevuka tu barabara, nikasema "nipe amoksilini na ile ya vidonge vitatu", na chenji ingebaki ya chapati. Siku ile niliichukia nchi hii kabisa.

Leo nawapa haki yao nusu. Mtu mwenye mapafu mazima akikohoa, mara nyingi ni virusi kweli, na antibayotiki haiwezi kitu kwa virusi. Yule daktari alimtibu mtu aliyemwona kwenye kompyuta: mwanaume wa miaka 30 na kitu, hana historia yoyote. Nusu nyingine siwapi. Mtu anahema kwenye simu na hakuna anayesema njoo nikusikilize mgongoni.

Wiki ya pili, baada ya kusumbua, nikapewa amoksilini ya siku tano. Pauni 9.90, maana England kila dawa kwenye cheti inalipiwa bei hiyo hiyo, iwe ya thamani ya mia au ya laki. (Mlioko Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, mshukuruni Mungu, kwenu ni bure.) Nikamaliza dozi. Kifua hakikusikia hata harufu yake.

Mara ya tatu nilipewa miadi na muuguzi, mama wa Kihindi kutoka Kerala. Alinivua koti, akasikiliza mgongo muda mrefu, akarudi upande wa kulia mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza hapa: "Umewahi kufanya kazi kwenye vumbi?"

Nikamweleza yote. Shimo, damu, Kibong'oto, kovu. Nilitegemea asogeze kiti nyuma. Akasogea mbele, akafungua droo, akanipa kikopo.

Alinifundisha kama mtoto, nami nawapa kama alivyonipa. Asubuhi ukiamka, sukutua kwa maji matupu. Vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kohoa kutoka chini. Mate hayafai, wanataka lile zito la kifuani. Likipatikana lifike maabara upesi, siku hiyo hiyo kama inawezekana. Na lile alilolisisitiza kuliko yote: utoe kabla ya kumeza antibayotiki, kwa sababu ukishameza, maabara inaweza kushindwa kuotesha kitu na wewe bado unaumwa. Aliandika vipimo viwili, cha TB kuhakikisha haijarudi, na cha kuotesha bakteria wengine ili kujua ni nani na anauawa na dawa ipi. Nikapanda basi na kikopo kwenye mfuko wa ndani wa koti, nimekishika njia nzima kisigeuke. Alinianzishia antibayotiki nyingine, doksisaiklini, wakati tunangoja, na akaniombea CT, picha ya mapafu inayoonyesha zaidi ya X-ray.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, simu ikalia. Ofisi za hapa saa hizo zimeshafungwa, Waingereza wako njiani nyumbani. Ni yeye. Majibu yametoka, hataki nikae Jumamosi na Jumapili na dawa isiyofanya kazi. Aliyeota ni Pseudomonas. TB haikuonekana kwenye kipimo cha haraka.

Bakteria huyu ni mkaidi wa kuzaliwa. Ana ganda gumu, ana pampu za kuitema dawa nje, na akikaa kwenye mirija iliyotanuka kama yangu anajifunika utando wa ute, dawa inapita juu yake. Amoksilini haimwezi. Ile iliyochanganywa na klavulaneti nayo haimwezi, wala doksisaiklini, na hata sindano za seftriaksoni, zile ambazo kwetu mtu akizidiwa tu anachomwa, hazimwezi. Nikikumbuka miaka niliyochomwa zile sindano Arusha kila kifua kilipoamka, na hela zilizoenda! Labda wakati ule hakuwa yeye. Sitajua kamwe, maana hakuna aliyeniotesha.

Kwa dawa za kumeza anawezwa na kundi moja tu, la siprofloksasini. Nikapewa miligramu 750 mara mbili kwa siku, siku 14 kamili. Si siku tano. Kifua chenye mirija mibovu hakitibiwi kwa dozi ya kikohozi cha kawaida. Muuguzi akanionya kwa simu ile ile: kano ya kisigino ikiuma, acha dawa na unipigie, kwa sababu kundi hili linaweza kukata kano, na tangu Januari 2024 Uingereza imezuia kulitoa pale ambapo dawa nyingine inafaa. Na usinywe na maziwa. Ndugu zangu, mimi na chai ya maziwa mnatujua. Kalsiamu ya maziwa inaishika dawa tumboni isiingie mwilini. Wiki mbili nilimeza vidonge kwa maji, chai ikangoja.

Usiku wa nne nililala chali mpaka asubuhi. Mke wangu aliamka mara mbili kuangalia kama napumua.

Kisha hospitali wakaongeza antibayotiki ya kolistini, ya kuvuta kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu, yuniti milioni moja asubuhi na milioni moja jioni, miezi mitatu, kujaribu kumng'oa huyu mkaidi kabla hajajenga nyumba ya kudumu. CT ilionyesha lile lile, juu kulia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanifundisha kupandisha makohozi kwa pumzi, robo saa asubuhi na jioni, na kusema kweli hilo linanisaidia kama dawa.

Mnaojiandaa kuja, hasa mliopita kwenye TB, sikilizeni. Njooni na kadi ya matibabu na barua ya kumaliza dozi. Kwenye fomu ya GP andikeni ukweli. Tiba ya TB England ni bure kwa kila mtu, hata asiye na makaratasi, na kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kuonyesha visa wala bili ya umeme, yeyote wa mapokezi akisema vinginevyo mwambieni kwa upole kwamba si sharti. Mkiwa na dawa nyingi, ulizeni cheti cha kulipia mapema: pauni 32.05 kwa miezi mitatu, unachukua dawa zote utakazoandikiwa. Aliyenigutusha ni yule yule mfamasia aliyenikatalia, wakati nimeshalipa 9.90 mara nne.

Sasa mdogo wangu. Na yeye alikula vumbi lile lile, na miaka mitatu iliyopita alitibiwa TB. Akikohoa anakwenda dukani, anasema "nipe za elfu mbili", anameza siku mbili, akipata nafuu anazihifadhi zilizobaki. Dawa iko hatua kumi kutoka mlangoni kwake, kuotesha makohozi ni mpaka Moshi, hospitali ya KCMC, na nauli na siku ya kazi vimepotea. Simlaumu kwa hilo. Lakini sipro yangu ni ya mdudu wangu. Kama TB imemrudia, na kwenye pafu la silika hurudi, hii dawa itaipiga kofi tu. Atajisikia vizuri wiki mbili, kipimo kinaweza kudanganyika, na yeye analala chumba kimoja na watoto wawili. TB yenyewe itakuwa imeanza kujifunza kukwepa kundi hili, nalo ndilo wanalolitegemea kutibu TB sugu. Ningekuwa nimemtumia hiyo kwenye begi la Desemba, pamoja na viatu vya watoto.

Nilimrekodia haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja. Nikatuma na nauli. Nikamwambia aanzie kituo cha afya, kipimo cha TB hakilipiwi, aseme alishawahi kuugua na alifanya kazi shimoni, na asimeze kitu kabla ya kutema. Kama si TB, aende KCMC, gharama ni yangu.

Alisikiliza, alama za bluu nikaziona. Siku nzima kimya.

Leo alfajiri nikiwa na nebulaiza mdomoni ikaingia picha: kikopo chenye kifuniko, jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino. Chini yake, "Nimetema. Wamesema nirudi Alhamisi."