Si malaria, ni kipandauso
Leo siku ya pili kichwa kinanigonga, nimejifungia chumbani, leso nimeitundika dirishani kuzuia mwanga. Bodaboda ikipita nje, nasikia kama imepita ndani ya jicho langu la kushoto.

Miaka sita nimetibiwa malaria. Kila nikienda kliniki hapa Jinja kipimo kinaonyesha sina, na bado narudi na dawa za malaria na vidonge vya maumivu. Nikawa navimeza karibu kila siku. Hakuna aliyeniambia kwamba parasetamo ukiimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, yenyewe inaweza kuanza kuleta kichwa kuuma. Hilo linaniuma hadi leo.

Dada yangu ndiye aliyenishika mkono tukaenda Kampala kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Akaniuliza bila haraka: upande gani? Unatapika? Unaona vimulimuli kabla? Akasema ni kipandauso sugu, yale maumivu makali ya kichwa yanayorudi mara kwa mara. Nililia palepale, jamani, kwa kuaminiwa tu.

Sasa nameza propranololi, dawa ya kukizuia, kila siku, na kuandika daftarini siku za kichwa kuuma. Mwezi wa kwanza wa dawa, siku 19. Huu unaoisha, 11, na hii ya leo nimeihesabu.