Mnafu umeota: kumbukumbu ya bustani ya kikundi, jaribio la tatu

Mbegu 84 kati ya 100. Nimezihesabu mara mbili, kisha nikamwita mhazini azihesabu mwenyewe bila kumwambia nimepata ngapi, naye akatoka na 84. Ni mnafu wetu, mboga ya asili, ule wa majani mapana, mbegu tumeikamua kwa mikono yetu, na umeota. Naandika leo hii hii kabla sijasahau mpangilio, maana tangu Januari tumekwama hapo hapo, na wenzangu wanaoongoza vikundi vya bustani Moshi na Babati wameniuliza zaidi ya mara moja tumefikia wapi.

Mambo ya matuta, samadi na matandazo nayaruka, sote tunayajua. Kwa asiyetufahamu: tupo Arusha, upande wa mlimani, kwenye robo eka tuliyoruhusiwa kutumia. Viongozi ni watatu, mwenyekiti, mhazini na mimi katibu, na hakuna anayelipwa. Mboga zinakwenda kwa wanachama na kwenye chakula cha mchana cha shule ya msingi iliyo jirani. Zinazobaki tunauza kwa mafungu tupate ya kulipia maji. Mwaka huu tuliazimia jambo moja kubwa: mbegu ya mboga za asili tusinunue tena. Pakiti moja si ghali kwa mwenye tuta moja. Kwa kaya 60 zinazosubiri msimu uanze, ni fedha ambayo kikundi hakina.

Kuna sababu nyingine pia. Huku kwetu hatukosi mbegu nzuri. Upande wa Tengeru kuna World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga chenye hifadhi ya mbegu za mboga za Kiafrika, na aina za mnafu kama Nduruma na Olevolosi zimeingia kwenye bustani nyingi, wengine tunazipanda bila hata kujua majina yake. Lakini mnafu tunaouhangaikia sisi ulitoka uani kwa bibi mmoja mwanachama wetu, ambaye anasema aliukuta kwa mama mkwe wake. Uchungu wake ni mdogo. Ukiupika na maziwa kidogo, watoto wa shule wanamaliza sahani. Huo dukani haupo, na mashina yake uani yalikuwa yamebaki manne.

Januari, basi. Tulichuma matunda yaliyoiva, yale meusi yenye zambarau, tukayaponda kwenye beseni, tukayamimina juu ya magazeti, magazeti juu ya bati. Jua la Januari mnalijua. Siku mbili tu yalikuwa makavu kabisa. Tukasugua, tukapepeta kwa ungo, tukajaza kopo zima, na mwenyekiti akalibeba mkutanoni chini ya mparachichi watu walione. Masika yalipoanza Machi tukagawa.

Wiki mbili, hakuna kitu. Wiki ya tatu, mche hapa, mche pale. Nilizunguka kaya zote 60 na daftari. Waliopata miche ya kutosha tuta moja walikuwa 7.

Sikupata usingizi wiki ile, na nasema wazi kwamba iliniuma kuliko kukosa mvua. Mvua ikikosekana hakuna wa kuulizwa. Hapa watu walilima matuta, wakabeba samadi kichwani kutoka kwa wafugaji, wakamwagilia asubuhi na jioni siku ambazo mvua ilisita, kwa sababu sisi watatu tuliwaambia mbegu ipo. Mama mmoja aliniambia bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma: "Katibu, mimi wiki tatu nimemwagilia udongo mtupu." Mhazini akachukua fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya gata na tangi la maji ya mvua, akanunua pakiti tukagawa upya, tukachelewa mwezi mzima.

Kilichonifungua macho ni sisimizi.

Nilikuwa nimebakiza tuta dogo nyuma ya jiko langu, nimesia mbegu ile ile. Asubuhi moja nikaona mstari wa sisimizi umetoka chini ya jiwe, umekatiza njia, umeingia tutani. Nikachuchumaa. Kila aliyekuwa anarudi alikuwa na kidonge cha rangi ya maziwa kinywani. Nikamnyang'anya mmoja, nikakiweka kwenye kiganja: mbegu ya mnafu. Nikaigusa kwa ncha ya ulimi. Tamu. Miezi miwili baada ya kukaushwa, bado ilikuwa imevaa sukari ya tunda!

Hapo nikarudi kwenye kopo na kuziangalia kwa kioo cha kukuzia. Hazikuwa mbegu moja moja kama tulivyodhani. Nyingi zilikuwa zimeshikana mbili tatu, zimefunikwa na utando mkavu unaong'aa kama gundi. Utando ule ndio mkaidi wa habari hii yote. Ndani ya tunda kazi yake ni kuizuia mbegu isiote ikiwa bado tumboni mwa tunda, na tunda tukilikausha pamoja na mbegu, kizuizi kile tunakikausha nacho. Halafu sukari inayobaki inaita kuvu na wadudu. Kuku wetu na ndege wanaokula matunda yale wanatufanyia kazi ya kuuondoa utando huo bure tumboni mwao. Ndiyo maana mnafu wa kujiotea kwenye jalala unastawi kuliko wa kwetu wa kusia.

Dawa yake inajulikana, ni ile ile ya nyanya: ponda, acha kwenye maji ichachuke, osha. Aprili nikafanya hivyo. Ndoo moja, matunda yote, maji. Nilipanga kuosha baada ya siku mbili. Siku ya pili tukapata msiba ukoo wa mke wangu, nikasafiri, nikarudi siku ya tano. Nilipofunua ndoo harufu ilinirudisha nyuma, na chini, kwenye tope, mbegu zilikuwa zimetoa mikia myeupe. Zilikuwa zimeota ndani ya ndoo. Zilizobaki nikaziosha, nikaanika, lakini ilikuwa katikati ya masika, hakuna jua, kila kitu ndani ya nyumba kina unyevu. Siku ya nne zilikuwa na ukungu wa kijani. Nilizimwaga shimoni nikiwa peke yangu. Matunda ya msimu mzima, na ndege wale kuzumburu walikuwa wameshakula nusu kabla yetu.

Jaribio la tatu nilianza katikati ya Juni, na safari hii nikakataa ndoo moja. Nilichukua matunda ya mashina yale yale, nikayagawa kwenye chupa nne za plastiki zilizokatwa shingo. Ya kwanza sikuichachusha, niliikamua na kuianika tu kama Januari. Ya pili saa 24. Ya tatu saa 48. Ya nne saa 72. Kila moja ikapata kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli. Penseli, jamani, wino ukilowa unaondoka, na mbegu bila jina ni uchafu tu.

Juni ya Arusha ni baridi, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulikuta kwenye maelezo yoyote niliyosoma. Maelezo yote yanataja saa. Chupa ya saa 24 ilipofika muda wake, niliingiza vidole: mbegu bado zinateleza kama kamasi, kana kwamba sijafanya kitu. Kwenye joto la Januari saa 24 zingetosha. Kwenye baridi hii, hazitoshi. Chupa ya saa 48 nilipoigusa kwa wakati wake bado ilikuwa na utelezi kidogo, nikaisogeza karibu na jiko la mkaa, na jioni ile nikasikia tofauti. Unachukua mbegu chache kati ya kidole gumba na cha shahada, unasugua. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama mchanga laini wa mtoni, tayari, osha sasa hivi, usingoje asubuhi. Kwa hiyo ile chupa niliyoiita ya 48 ukweli ni kwamba ilikwenda kama saa 54. Saa sizitazami tena. Nasikiliza vidole.

Kuosha nako kuna namna. Jaza maji, koroga, subiri kidogo: mbegu nzima zinazama, maganda na mapepe yanaelea, mwaga ya juu polepole. Nilirudia mara saba mpaka maji yakawa ya kunyweka. Kisha kwenye chujio. Na hapa niseme la moyoni kuhusu vifaa: chujio la chai la plastiki, lile la bei ndogo kuliko yote sokoni, linalishinda la waya. La waya lina matundu makubwa pembeni pale wavu unapokutana na ukingo, mbegu za mnafu zinapita hapo zote wakati wewe unatazama katikati. Nimepoteza kiganja kizima hivyo. Gazeti pia nimeliacha. Mbegu mbichi inashika karatasi na ukiibandua inachubuka. Kitambaa cha kanga kuukuu kilichotandazwa juu ya ungo, kivulini, upepo ukipita chini na juu, siku nne, unageuza kwa mkono kila unapopita. Bati sitaki kulisikia tena kwenye habari za mbegu. Linazichoma.

Baada ya kukauka nilizipumzisha wiki tatu, kisha majaribio. Mbegu 100 kutoka kila kundi, juu ya tishu yenye unyevu kwenye sahani ndogo. Shida ikawa baridi ya usiku, na hatuna kasha la joto. Mwenyekiti ndiye aliyetoa wazo la hotpoti, ile ya wali. Chini chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, juu yake sahani, kifuniko usiku, wazi mchana zipate mwanga. Joto likapanda na kushuka, usiku vuguvugu na mchana hali ya hewa ya kawaida, na sidhani kama mabadiliko hayo yalizidhuru. Mnafu haupendi joto la aina moja. Hotpoti tatu, moja ya kwangu, mbili za mhazini, na nyumbani kwetu wali umeliwa wa baridi kwa wiki mbili. Mke wangu amelivumilia hilo na namshukuru.

Siku ya 14: zisizochachushwa 11. Za saa 24, zilizooshwa zikiwa bado zinateleza, 37. Zile za 54 ni hizi 84. Za saa 72 ni 79, na nilipozitazama vizuri kadhaa zilikuwa zimeanza kupasuka kabla ya kuanikwa, ndizo zilizokufa. Kwenye sahani ya kwanza palikuwa na kuvu kila mahali. Sahani ya tatu ilikuwa safi, na vijani vidogo viwili viwili vimejipanga kama watoto wa chekechea asubuhi.

Mhazini alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa tukawaambie wenyewe." Tulikwenda kwanza kwa yule mama wa udongo mtupu.

Hatua iliyofuata kwenye mpango wetu ilikuwa gata na tangi. Imesogezwa mbele, na nakiri ni kwa sababu akili yangu yote imehamia kwenye jambo jingine. Gramu moja ya mnafu ina mbegu karibu elfu moja. Kijiko kimoja cha chai kinaitosha familia na kubaki. Tuna zaidi ya nusu kilo. Kuziuza hatuwezi na hatutaki: mbegu ya kuuza inasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya 2003, lazima ipite kwa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, au kikundi kiingie kwenye utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa, zile wanazozalisha wakulima wenyewe kwa ajili ya eneo lao, nao una ukaguzi wake, na huko bado hatujafika. Lakini kukopeshana wanachama kwa wanachama ni desturi ya bibi zetu. Unachukua kijiko kimoja, msimu ukiisha unarudisha viwili, vilivyooshwa mpaka vikwaruze. Mwenyekiti anahofia wengine hawatarudisha. Mimi nasema wachache wasiporudisha bado mnafu utakuwa kwenye nyua nyingi kuliko yale mashina manne, na hilo ndilo tulilolitaka. Tumebishana Jumapili mbili. Tumekubaliana tuanze na kaya 20, zilezile zilizoumia zaidi Machi.

Nimeweka mitungi mitano ya vioo kwenye kabati lisilopigwa na jua. Ndani ya kila mmoja kuna kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu bila mafuta ukapoa, unanyonya unyevu. Nitaubadilisha kila mwezi mpaka mvua za vuli. Kwa anayesia: usifukie sana, nyunyiza udongo laini kufunika tu, tandaza nyasi kavu, ondoa nyasi mara ukiona kijani.

Mtungi wa sita ni mtupu. Kule mwisho wa bustani ngogwe zimeshakuwa nyekundu, na ndani yake kuna utelezi ule ule. Chupa nne zimekatwa tayari. Kesho nazichuma mapema, kabla kuzumburu hawajafika.